Somo kwa Vikundi vya Wanachama: Shinikizo la Damu Katika Ujauzito na Uzito wa Mtoto Mchanga

Katibu wa chama cha msingi aijua mizani kuliko watu wengi kijijini. Magunia ya korosho yakipungua uzito kati ya ghala la chama na ghala kuu, hamlaumu mkulima papo hapo. Huuliza kama korosho zilipokelewa kabla hazijakauka sawasawa, kama gunia lilitoboka njiani, au kama mizani yenyewe haikukaguliwa. Upungufu una sababu, na sababu hutafutwa.

Mtoto mchanga naye hupimwa. Lakini akizaliwa na kilo mbili, aghalabu sababu haitafutwi, bali hutajwa tu: mama hakula, mama alilima mno, mama ni mdogo wa umbo na kwao wote ni wadogo. Huenda mojawapo ya hayo ni kweli. Hata hivyo ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho wala isiyouma, ambayo hata mama mwenye nguvu na chakula cha kutosha aweza kuwa nayo. Sababu hiyo ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha.

Somo hili limekusudiwa vyama vya msingi vya Kibaha na Kisarawe. Yafaa lisomwe kwa sauti kikundini, kisha lijadiliwe. Wanaume wasiachwe nje ya kikundi, kwa maana katika nyumba nyingi uamuzi wa nauli na wa safari ya hospitali umo mikononi mwao.

Uzito pungufu maana yake nini

Mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akizaliwa na chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Kipimo hicho ndicho kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na ndicho kinachotumika katika zahanati zote nchini. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na kilo tatu hivi, pengine zaidi.

Mtoto hufika kwenye uzito pungufu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya majuma 37. Huyo ndiye aitwaye njiti. Ya pili ni kutimiza majuma yake yote bila kukua inavyopasa. Mwingine hupatwa na yote mawili, akazaliwa mapema na tena mdogo kuliko umri wake. Mizani peke yake haiwezi kuonyesha ni njia ipi. Kinachoonyesha ni umri wa mimba, na umri wa mimba hujulikana kwa hakika pale tu mama alipoanza kliniki mapema na tarehe ya hedhi yake ya mwisho ikaandikwa kwenye kadi.

Tofauti ya gramu mia tano si jambo dogo. Mtoto mdogo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo hupoa haraka hata katika joto la Pwani. Akiba yake ya sukari ni ndogo, na asiponyonya mapema sukari ya damu hushuka. Njiti mara nyingi hana nguvu ya kunyonya, na mapafu yake huenda hayajakomaa. Magonjwa ya kuambukiza humpata upesi kuliko wenzake.

Yako mambo mengi yanayopunguza uzito wa mtoto, na haifai somo hili likafanya presha kuwa ndiyo pekee. Mapacha huwa wadogo. Upungufu wa damu, mimba zinazofuatana upesi na uvutaji wa sigara vyote vimo. Katika mkoa wa Pwani malaria haiwezi kuachwa bila kutajwa, kwa sababu vimelea vyake hujikusanya kwenye kondo la nyuma na kuzuia chakula cha mtoto. Ndiyo sababu mjamzito hupewa vidonge vya SP kliniki na kuhimizwa kulala ndani ya chandarua. Habari ya malaria imefundishwa muda mrefu, tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipowakusanya watu wazima kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Presha haina mbu wa kuonyeshwa kwenye picha, na kwa sababu hiyo imebaki nyuma katika mafunzo ya vijijini.

Kondo la nyuma na mabomba ya Ruvu

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu wala hali kwa kinywa. Hewa na chakula huvipata katika damu ya mama, kwa njia ya kondo la nyuma lililojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hupakana tu, utando mwembamba ukiwa katikati, na vitu vinavyohitajiwa huvuka utando huo.

Ili kondo lipate damu ya kutosha, kazi kubwa hufanyika katika nusu ya kwanza ya mimba. Mishipa midogo ya mji wa mimba, yapata 100, hubadilishwa umbo. Chembe za kondo huingia ndani ya kuta zake, huilegeza misuli, na mshipa uliokuwa mwembamba hupanuka mara kadhaa. Mimba inapokaribia kutimia, damu inayopita katika mji wa mimba hufika kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa kila dakika. Ni kiasi kikubwa mno, na hakiwezi kupita katika mishipa isiyopanuka.

Kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo haikamiliki. Mishipa hubaki myembamba. Wakazi wa Mlandizi, ulipo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, waweza kulielewa jambo hili bila kitabu. Maji yakisukumwa kwa nguvu kutoka mtamboni na kupitishwa katika bomba jembamba, hutoka kwa kuruka na kutawanyika, lakini ndoo haijai. Ndivyo inavyokuwa kwenye kondo: damu huingia kwa kasi yenye kudhuru, ilhali kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo. Mtoto huishi, lakini hupunguza ukuaji. Kwanza hukosa mafuta mwilini, na hali ikizidi, hukosa hata urefu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Hudhaniwa kwamba presha hupanda, kisha presha hiyo humnyima mtoto chakula. Kwa mama ambaye presha yake imeanza mimba ikiwa kubwa, mara nyingi mwendo ni wa upande mwingine. Kondo lililokosa damu humwaga katika damu ya mama vitu vinavyobana na kuharibu mishipa ya mwili mzima. Figo huanza kuvujisha protini, ini huumia, ubongo huathirika, na presha hupanda. Ugonjwa umeanzia kwenye kondo, na mkono wa mama ndipo unapoonekana. Ndiyo maana kipimo cha presha kinachofungwa mkononi huleta habari za mahali pasipofikika.

Kutokana na hayo, vidonge vya kushusha presha humlinda mama asipasuke mshipa wa ubongo, lakini haviwezi kuitengeneza upya mishipa ya kondo iliyoshindwa kupanuka katika miezi ya mwanzo. Mkulima wa mikorosho anaijua hali ya namna hii. Salfa hupulizwa maua yanapochanua, kuuzuia ubwiriunga. Aliyengoja mpaka maua yameungua na kuwa meusi hupuliza bure. Katika ujauzito, wakati wa maua ni miezi minne ya kwanza, na hiyo ndiyo miezi ambayo wanawake wengi hawajafika kliniki.

Namba mbili na maana yake

Presha huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mjamzito, 140 kwa 90 au zaidi ni presha iliyopanda. Yatosha namba moja kati ya hizo mbili kufikia kiwango hicho. Isipokuwa katika hali ya hatari, kipimo hurudiwa baada ya saa nne au zaidi kabla ya kutoa uamuzi. Ikifika 160 kwa 110, hakuna tena kungoja kliniki ijayo. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Presha iliyoonekana kabla ya juma la 20 aghalabu ni ya zamani, ambayo mama alikuwa nayo kabla ya mimba bila kujua. Iliyoanza baada ya juma la 20 ni ya mimba. Ikifuatana na protini katika mkojo, au dalili za kuumia kwa ini, figo, damu au ubongo, basi mama amefikia hatua inayotangulia kifafa cha mimba. Akipata degedege, ndicho kifafa cha mimba chenyewe. Aliyepimwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba, presha ikakutwa 145 kwa 95, humwacha mganga gizani: je, ni ya zamani au ya mimba? Mama huyo hana namba ya mwanzo ya kulinganisha.

Upimaji wataka utulivu. Mama aketi dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee wakati wa kupimwa, na kibofu kiwe kitupu. Mkanda uwe wa kumtosha, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mama aliyetembea saa moja juani na kupimwa papo hapo amepimwa mwendo wake pia. Mwanachama yeyote ana haki ya kuuliza namba zake na kuziona zikiandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kusema tu kwamba presha ni nzuri hakutoshi, kama vile katibu hawezi kuandika katika daftari kwamba gunia lilikuwa na uzito mzuri.

Yuko katika hatari zaidi mama wa mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyepita miaka 35, mnene kupita kiasi, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na yule ambaye mama yake au dada yake aliwahi kupatwa. Aliyepatwa mwenyewe katika mimba iliyotangulia ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Kumbukumbu za uzazi za hospitali ya KCMC Moshi, zilizoanza kuwekwa mwaka 2000, zilionyesha kwamba katika wanawake wanne waliopata hali hiyo, mmoja hivi hurudiwa nayo katika mimba inayofuata.

Jina linalopotosha

Kiswahili kimeuita ugonjwa huu kifafa cha mimba, na jina hilo limekuwa na madhara yake. Kifafa ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye sifa zake mitaani: huogopwa, huonewa aibu, na watu wengi hupeleka mgonjwa wa kifafa kwa mganga wa jadi kabla ya hospitali. Mjamzito akianza kutetemeka na kuuma ulimi, jina lenyewe huwaelekeza wazee kwenye mashetani. Wakati huo saa zinapita. Kifafa cha mimba hakitokani na mashetani wala si kifafa cha kawaida. Ni ubongo ulioathirika kwa mishipa yake kuharibika, na kina dawa mahususi.

Dalili zinazotangulia ni maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, macho kuona vimulimuli au giza, maumivu chini ya chembe cha moyo au upande wa kulia wa tumbo la juu, kupumua kwa shida, na kuvimba uso na mikono kwa ghafla. Kuvimba miguu jioni peke yake ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi, wala si dalili ya kutegemewa. Mtoto kupunguza kucheza tumboni ni ishara ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. La kukumbukwa zaidi ni kwamba wako wanaofika 160 kwa 110 bila dalili hata moja. Ugonjwa huu pia waweza kujitokeza baada ya kujifungua, hasa katika juma la kwanza, wakati ambapo nyumba nzima imeshapumua na kumgeukia mtoto.

Kinga na tiba

Mama aliye katika hatari kubwa huweza kupewa aspirini ya dozi ndogo kila siku, kuanzia baada ya juma la 12 na kabla ya juma la 20. Ikianzwa baadaye, faida yake hupungua sana. Vidonge hivi hutolewa kwa ushauri wa mganga. Aspirini ya dukani ya kutuliza maumivu ina dozi kubwa mara kadhaa na haifai kwa kazi hii.

Kinga ya pili ni kalsiamu, madini yapatikanayo katika maziwa, na katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kwa watu wasiopata madini hayo ya kutosha katika chakula, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, kiasi ambacho ni vidonge vingi, vya gharama na vigumu kumeza. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Dar es Salaam, na mwingine kama huo Bengaluru, India, kila mahali wakihusika wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza. Nusu yao walipewa miligramu 1,500 kwa siku na nusu miligramu 500. Dar es Salaam, hatua inayotangulia kifafa cha mimba ilionekana kwa wanawake 2.7 katika kila 100 waliopata dozi kubwa, na 3.0 katika kila 100 waliopata dozi ndogo. Tofauti hiyo haina uzito. Kuhusu kuzaa kabla ya wakati, matokeo ya Dar es Salaam hayakuwa dhahiri kiasi hicho. Hata hivyo habari hii ni njema kwa nchi yenye bajeti ndogo ya dawa, na imetoka kwa wanawake wa jirani kabisa na Kibaha na Kisarawe.

Yapo mashauri ya zamani ambayo hayana budi kuachwa. Kumlaza mama kitandani mchana kutwa hakuzuii ugonjwa huu. Kumwondolea chumvi yote hakuuzuii pia. Kula zaidi, ingawa ni kwema kwa mjamzito aliyekonda, hakulifungui kondo lililobanwa.

Kwa aliyekwisha kupata presha ya juu, dawa zinazofaa katika mimba zipo, zikiwamo methyldopa, nifedipine na labetalol. Baadhi ya dawa za presha za kawaida, kama enalapril na captopril, humdhuru mtoto. Mwanamke anayezitumia aseme mapema, naye asiziache kimyakimya bila kupewa nyingine. Kwa miaka mingi waganga wenyewe waliogopa kwamba kushusha presha kungepunguza damu ya kondo na kumfanya mtoto awe mdogo. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2022, wa wanawake 2,408 wenye presha ya zamani isiyo kali, uliondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo: waliotibiwa hadi chini ya 140 kwa 90 walipata madhara machache zaidi, na watoto wadogo hawakuongezeka.

Hali ikizidi, sindano ya magnesiamu salfeti hutolewa kuzuia degedege. Katika uchunguzi wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, sindano hiyo ilipunguza kwa nusu idadi ya waliopata kifafa cha mimba. Tiba ya mwisho ni moja tu, nayo ni kuzaa, maana kondo likitoka, chanzo kimetoka. Mimba ikiwa imetimiza majuma 37, uamuzi ni mwepesi. Ikiwa na majuma 30, ni mzito: katika miezi ya mwisho mtoto huongeza gramu 200 hivi kila juma, na kila juma analobaki tumboni lina thamani, mradi kondo bado linamlisha na mama hayuko hatarini. Waganga hupima pande zote mbili kila siku. Familia yafaa ijue hivyo, isije ikadhani kwamba kulazwa bila kufanyiwa jambo ni kupuuzwa.

Mtoto akizaliwa mdogo

Mtoto wa kilo moja na nusu hana haja ya kukatiwa tamaa. Njia iliyo bora ni kumweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, akifunikwa kofia na kufungwa kwa kanga, na kulishwa maziwa ya mama, hata kama ni ya kukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, pasipo kungoja watulie kwanza, walikufa kwa kiasi cha robo pungufu kuliko waliongojewa. Baba na bibi nao waweza kumbeba mama anapopumzika. Hii ni kazi ngumu ya majuma kadhaa, na mama aliyepona presha juzi hawezi kuifanya huku akichota maji na kupika. Hapo ndipo ndugu na majirani wanapohitajiwa.

Safari ya hospitali, na nafasi ya chama

Kibaha ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, iliyokua kutokana na mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, uliozaa Shirika la Elimu Kibaha mwaka 1970. Kisarawe ina hospitali yake ya wilaya mjini. Aliye Maili Moja au karibu na mji wa Kisarawe hayuko mbali na msaada. Hali ni tofauti kwa aliye ndani ya Magindu au Mafizi. Chukua mfano wa mama wa huko, mimba ya kwanza, mwezi wa nane, mvua za masika zikinyesha. Kichwa kinamwuma tangu jana. Zahanati ina muuguzi hodari, lakini betri za kipimo zimekwisha na vipande vya kupimia mkojo havipo. Mume amekwenda mjini. Hakuna aliyefanya uovu, na kila mmoja ana sababu yake, lakini mama huyu aweza kufika usiku bila mtu yeyote kujua kwamba presha yake ni 170 kwa 115.

Vifo vya uzazi nchini vimepungua sana: takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika takwimu za 2015 na 2016. Presha, pamoja na kutoka damu, imebaki kati ya sababu kubwa za vifo vinavyoendelea kutokea. Mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2022, hupokea simu bila malipo kwa nambari 115, na hutafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nambari hiyo yafaa ibandikwe kwenye mlango wa ghala la chama, karibu na bei ya korosho, mahali ambapo kila mtu hutazama.

Chama hakigeuki kuwa hospitali. Lakini msingi wa saba wa ushirika, uliowekwa mwaka 1995, ni kuijali jamii, na bodi nyingi hutafuta jambo la kuonyesha chini ya msingi huo. Fedha zinazotumika kwa fulana za mkutano mkuu zingetosha mara nyingi kununua kipimo cha presha kilichothibitishwa kufaa kwa wajawazito, na mkanda wa ziada, na betri. Katibu aanze kwa kumwuliza mganga mfawidhi wa zahanati ni kitu gani kilichopungua, kisha shauri lipelekwe kwenye mkutano mkuu na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ijulishwe. Kununua kwa kukisia huleta vifaa vinavyolala kabatini.

Kuna pia suala la fedha za mazao. Malipo ya korosho na ufuta huingia benki kwa jina la mwanachama, na mwanachama mara nyingi ni mume, hata pale mke alipookota nusu ya korosho hizo. Mjamzito anayehitaji nauli ya kwenda Tumbi siku ya Jumanne hawezi kungoja mume arudi. Yapo mambo mawili ambayo bodi yaweza kuyapeleka mkutanoni: kuwaandikisha wanawake kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, na kuweka akiba ndogo ya dharura ambayo mwanachama au mke wa mwanachama aweza kukopa siku hiyo hiyo kwa saini ya katibu na mweka hazina. Siku za kliniki za wajawazito nazo zijulikane, ili siku za kupokea korosho zisigongane nazo katika msimu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Wanawake wa kijiji hiki huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi? Ni mambo gani yanayowachelewesha, na ni lipi kati ya hayo ambalo mume aweza kuliondoa?

2. Kwa nini mama mwenye presha aweza kuzaa mtoto mdogo hata kama alikula vizuri? Mmoja wa wanakikundi aeleze kwa mfano wa bomba, wengine wamsahihishe.

3. Kipimo cha presha katika zahanati ya karibu kinafanya kazi? Nani atakwenda kuuliza, na ataleta majibu siku gani?

4. Mjamzito akizidiwa usiku wakati wa masika, ni njia ipi inayopitika, ni nani mwenye simu yenye chaji, na ni nani atakayebaki na watoto?